TANURI LA UDONGO: KUTOKA BUJUMBURA HADI KAMBINI
Historia fupi ya moto, udongo na mkate



Katika gazeti hili la kumbukumbu wengine wameandika juu ya siku tulizokimbia na juu ya ndugu tuliowapoteza. Hayo ni lazima yaandikwe. Lakini sisi walimu, tulipopewa ukurasa huu na Kamati, tuliona vema kuandika juu ya kitu ambacho mkimbizi hanyang'anywi njiani, nacho ni ujuzi wa mikono. Tumechagua tanuri la udongo la kuokea mikate. Wengi wetu tulijifunza kula mkate wa tanuri Bujumbura, au Uvira kutokana na unga na desturi zilizotoka Bujumbura, na vijana wetu wameanza kuuliza kama tanuri la namna hiyo linaweza kujengwa hapa. Kabla ya kujibu swali hilo, inafaa tujue limetoka wapi, limewasaidia nani, na limewagombanisha nani. Hiyo ndiyo kazi ya historia.

Neno lenyewe

Neno "tanuri" (wengine husema "tanuru" au "tanuu") limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako ni "tannur". Waarabu nao hawakuwa wa kwanza. Katika lugha ya Kiakadi, iliyosemwa Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, maelfu ya miaka iliyopita, jiko la udongo la kuokea mkate liliitwa "tinuru". Neno limetembea pamoja na chombo chake. Limefika India, limefika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, na kutoka pwani limepanda hadi kwenye maziwa. Kirundi na Kinyarwanda nazo zimelichukua.

Katika visiwa vya Unguja na Pemba kuna mkate wa mofa, unaotengenezwa kwa unga wa mtama. Jiko lake ni la udongo, na mkate hubandikwa ukutani ndani ya jiko lenye moto. Ndugu zao wa Yemen wanalo jiko la jina hilohilo. Kwa hiyo tunaposema tanuri la udongo, hatusemi jambo la kizungu wala la juzi. Tunasema juu ya chombo ambacho watu maskini na watu matajiri wamekitumia tangu kale, kwa sababu malighafi yake iko chini ya miguu.

Mgeni na mwenyeji

Tukitazama Burundi ya zamani, tunaona kwamba chakula cha kila siku hakikuhitaji tanuri. Maharagwe, ndizi, viazi na mtama vilipikwa katika chungu juu ya mafiga matatu. Vyungu vilifinyangwa kwa udongo wa mabondeni, na mafundi wake mashuhuri walikuwa Batwa, ambao waliviuza au kubadilishana na chakula. Baadaye sufuria za aluminiamu na ndoo za plastiki ziliwaondolea soko, na mabonde mengi yaliyokuwa na udongo mzuri yalilimwa, hata wafinyanzi wakakosa mahali pa kuchimba. Hapo tunapata fundisho la kwanza: ujuzi unaweza kufa wakati fundi bado yu hai, kama amenyimwa udongo au amekosa mnunuzi.

Ni kweli basi kwamba tanuri la mkate lilikuja Burundi kama mgeni. Hata hivyo tanuri lenyewe, maana yake nyumba ndogo ya udongo yenye moto ndani, lilikuwapo kabla ya wageni wote. Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua nchini Burundi na Rwanda mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, ya umri wa zaidi ya miaka 1,500. Yalijengwa kwa udongo uliopangwa duara juu ya shimo, na upepo ulipulizwa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Wahunzi hao walijua udongo gani unapasuka katika moto na udongo gani unavumilia. Mgeni alipofika na mkate wake, alikuta wenyeji wanaojua moto.

Pwani yafika ziwani

Mkate wa ngano na vyakula vya pwani vilifika ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kutoka Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wametangulia. Misafara hiyo ilibeba nguo na shanga, ikabeba pia watumwa na pembe, na jambo hilo halifai kufichwa kwa watoto wetu. Kutoka Ujiji watu walisambaa kwa mitumbwi hadi Uvira na pwani ya Burundi. Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji, alijaribu kuiingia Burundi kwa silaha, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Hivyo Uswahili ulibaki kandokando ya ziwa, na huko ndiko lugha hii tunayoiandika ilikoota mizizi.

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Wabelgiji waliuteka mji mwezi Juni 1916, na baadaye wakaufanya makao ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Mji ulihitaji askari, makarani, mapagazi, mafundi seremala, waashi na wapishi, na wengi walitoka Kongo, Tanganyika na pwani. Wakati wa Wabelgiji, Waswahili walipangiwa mtaa wao wa Buyenzi, wenye barabara zilizonyooka zinazoitwa kwa namba. Karibu nao ulikuwa mtaa wa Bwiza, ambao wazee bado wanauita "Belge". Katika miaka ya 1950 ofisi ya nyumba iliyoitwa OCAF ilijenga Ngagara, na mtaa huo mpaka leo huitwa Okafu. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, Usumbura ikawa Bujumbura.

Katika mitaa hiyo ndipo mkate ulipokuwa chakula cha mtu wa kawaida. Mfanyakazi anayetoka nyumbani alfajiri hana nafasi ya kungojea maharagwe yaive. Anahitaji chai na kitu cha mkononi: andazi, chapati, kitumbua au kipande cha mkate. Mwezi wa Ramadhani haja hiyo huongezeka maradufu. Kando ya viwanda vya mikate vyenye mashine, waokaji wadogo wakaendelea na matanuri ya matofali na udongo yanayokula kuni.

Tofali pia ni mtoto wa tanuri

Hatuwezi kusimulia tanuri la mkate bila kulitaja tanuri la matofali. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, na ujenzi wa misheni na wa serikali ulieneza tofali la kuchoma. Jinsi ya kulichoma inajulikana kwa wengi wetu. Matofali mabichi hupangwa kama nyumba, chini huachwa mashimo ya kutia kuni, nje hupakwa udongo, na moto huwaka kwa siku kadhaa. Tanuri hilo halibaki, maana likishapoa hubomolewa na kuuzwa tofali kwa tofali.

Asiyeweza kununua tofali la kuchoma alijenga kwa tofali bichi, ambalo Warundi huliita rukarakara. Mitaa ya kaskazini ya Bujumbura ilijaa nyumba za namna hiyo. Udongo mbichi una adui mmoja, nayo ni maji. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilisomba nyumba nyingi huko Kamenge, Kinama na kandokando yake, na watu zaidi ya 60 walikufa. Tunalitaja jambo hili kwa heshima ya waliokufa, na pia kwa sababu ni fundisho la ujenzi: udongo hufanya kazi njema ukipewa msingi wa mawe chini na paa juu. Ukiuacha uchi mbele ya mvua, unarudi kuwa tope.

Kuni, makaa na miaka ya shida

Historia ya mkate wa Bujumbura ni historia ya kutafuta moto. Umeme ulifika kutoka Ruzizi na, mwaka 1986, kutoka bwawa la Rwegura, lakini haukuingia jikoni kwa watu wengi. Familia nyingi za mjini hupika kwa makaa katika mbabula, na makaa hayo hutoka milimani, ambako miti huisha. Serikali ilijaribu njia nyingine. Ofisi ya ONATOUR, iliyoundwa mwaka 1977, huchimba udongo mweusi wa mabondeni uliotokana na majani yaliyooza kwa karne nyingi. Udongo huo ukikaushwa huwaka, na umetumika katika kambi za askari, magereza na matanuri ya matofali.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vikaendelea hadi Januari 1999. Petroli na bidhaa za nje zikapanda bei. Katika nyakati kama hizo ndipo tanuri la udongo huonyesha thamani yake, kwa sababu halihitaji petroli, wala umeme, wala vipuri kutoka nje. Tusilisifu kupita kiasi, hata hivyo. Linahitaji kuni, na kuni ndizo zinazotuumiza sisi watu wa kambi.

Kambi na kuni

Mto Rusizi umevukwa pande zote mbili. Wakongo walikimbilia Burundi wakati wa vita vya Waasi Simba mwaka 1964 na 1965, kisha tena mwaka 1996, 1998, 2004 na miaka iliyofuata. Warundi nao walikimbilia Uvira na kwingineko mwaka 1972 na 1993, na tena mwaka 2015. Kila mara watu wengi wakiwekwa mahali pamoja, jambo la kwanza kugombewa ni maji, na la pili ni kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walitoka Rwanda wakaingia Ngara, Tanzania, katika muda wa saa 24 hivi, na miti ya kandokando ya kambi ya Benaco haikuchelewa kwisha.

Ninyi akina mama mnajua kuliko sisi maana yake. Kuni zikienda mbali, mama anakwenda mbali, au anamtuma binti yake. Huko porini kuna waliopigwa na waliotendewa mabaya zaidi. Wenyeji nao wana haki ya kulalamika shamba lao likikatwa miti. Mtoto anayetafuta kuni hayuko darasani, na sisi walimu tunaliona dawati lake liko wazi.

Kwa sababu hiyo udongo umepewa kazi mpya. Huko Guatemala, baada ya tetemeko la mwaka 1976, watu walienezewa jiko la Lorena, jina linalounganisha maneno ya Kihispania ya tope na mchanga. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi walitengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, kwa kufuata mfano wa Thailand. Katika kambi nyingi za Afrika ya Mashariki, wakimbizi walifundishwa kujenga majiko ya udongo yanayoziba moto pande zote. Siri yake ni moja: mafiga matatu hupeleka joto kubwa hewani, lakini ukuta wa udongo hulirudisha kwenye sufuria.

Jinsi tanuri linavyojengwa

Sasa tulijibu swali la vijana wetu. Tanuri linaweza kujengwa kwa vitu vya hapa, kwa utaratibu huu.

Kwanza, udongo. Unafaa wa mfinyanzi, au wa kichuguu, kwa maana mchwa amekwisha kuuchambua. Ukanyage pamoja na mchanga, fungu moja la udongo kwa mawili au matatu ya mchanga, kufuatana na unato wake. Finyanga donge kama ngumi, uliangushe kutoka usawa wa kiuno. Likibandikana chini kama chapati, maji yamezidi. Likivunjika vipande vipande, udongo ni haba au maji hayatoshi. Likibaki donge, limefaa.

Pili, msingi. Weka mawe na kifusi hadi usawa wa kiuno, ili mwokaji asiiname na maji ya mvua yasifike. Juu yake tandaza mchanga, kisha panga matofali ya kuchoma yaliyolala sawasawa. Hiyo ndiyo sakafu ya mkate.

Tatu, kuba. Rundika mchanga wenye maji juu ya sakafu hiyo kwa umbo la nusu chungwa, upana sentimita 70 na kimo sentimita 40. Ufunike kwa magazeti yaliyoloweshwa. Kisha jenga ukuta wa udongo unene wa sentimita 8 kuzunguka mchanga huo, kuanzia chini kwenda juu, ukiubana kwa mikono. Ukikauka kiasi, ongeza tabaka la pili la udongo uliochanganywa na majani makavu mengi yaliyokatwakatwa. Tabaka la kwanza hutunza joto, na la pili hulizuia lisitoroke.

Nne, mlango. Kimo chake kiwe kama sentimita 25, yaani kidogo zaidi ya nusu ya kimo cha ndani. Mlango ukiwa mrefu mno joto linakimbia, na ukiwa mfupi mno moto hauwezi kupumua. Ukishaukata, toa mchanga wote polepole. Ungojee siku kadhaa, halafu uwashe moto mdogo mdogo wa kukausha. Mwenye haraka atapata nyufa. Mwisho, jenga paa la nyasi au bati lililo juu na mbali na moto.

Kuoka ni hivi: washa kuni ndani kwa saa mbili au tatu, kisha ondoa makaa na upanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji. Nyunyiza unga kidogo. Ukiwa mweusi mara moja, ngoja. Ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mikate na uzibe mlango. Baada ya mikate, joto lililobaki litaiva viazi vitamu, litakausha karanga, na mwishoni litakausha kuni za kesho.

Nani mwenye tanuri?

Hapa ndipo penye neno letu kwa Kamati na kwa mashirika. Tanuri hili likiwashwa kwa ajili ya mikate mitatu ya nyumba moja ni hasara tupu, na litamaliza kuni kuliko mafiga. Faida yake inapatikana likiokea nyumba nyingi kwa moto mmoja. Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu.

Historia imetuonyesha njia mbili za tanuri la pamoja. Katika Ufaransa ya zamani, mabwana wa ardhi walikuwa na tanuri la kijiji, na raia walilazimishwa kuoka humo na kulipa. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789 yalifuta haki hizo za mabwana. Njia ya pili ni ya Moroko, ambako katika mitaa ya miji ya kale kuna tanuri la jirani. Mama hukanda unga nyumbani, mtoto huubeba, mwokaji hulipwa kidogo, na kila mmoja huchukua mkate wake. Chombo ni kilekile. Tofauti iko katika mwenye ufunguo.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Tanuri likijengwa, liwe la jamii nzima bila kubagua kabila wala dini wala mwaka wa kuwasili. Siku za kuoka zipangwe, ili moto mmoja utumikie wengi. Kuni au vibonge vya kuwashia vipatikane kwa utaratibu unaokubaliwa na wenyeji, wala asitumwe mtoto. Na akina mama wawe wengi katika halmashauri yake, kwa kuwa ndio wanaobeba kuni na ndio wanaokanda unga. Kwa wahudumu wa mashirika tunaongeza ombi moja: msitujengee. Tupeni nafasi, mtusaidie matofali ya sakafu na bati la paa, na mlete wanafunzi wetu watazame. Sisi walimu tuko tayari kulifanya kuwa somo la hesabu, la sayansi na la historia kwa pamoja.

Wakimbizi tumekatazwa kujenga nyumba za kudumu, na sababu zake tunazielewa. Tanuri la udongo halivunji sharti hilo. Tutakapoondoka, mvua itakaporuhusiwa kuliingia, litarudi kuwa ardhi ya wenyeji wetu, na hatutaacha takataka. Kitakachobaki ni kile ambacho mtoto amekishika kwa mikono yake. Wahenga walisema pia, udongo uwahi ungali maji. Watoto wetu wako bado katika umri huo, na mafundi wazee walio kati yetu wanapungua kila mwaka. Basi tuanze mapema.



Walimu, kwa niaba ya Kamati ya Jamii